Robleh Qabow na Gari la Bibi Harusi

Kwetu Djibouti mtu hupewa jina mara mbili. La kwanza anapewa na baba yake, nalo huishia kwenye kitambulisho. La pili anapewa na mtaa, siku atakapojikwaa, na hilo ndilo atakaloitwa sokoni, msikitini na hata siku ya kuzikwa. Ukilikataa, ndiyo kwanza umelipigilia msumari. Daher wa pale kwenye kona alikula sambusa za msibani mpaka wafiwa wakaacha kulia wakabaki kumtazama. Habari hiyo ni ya zamani za Wafaransa, Daher mwenyewe alishazikwa, lakini wajukuu wake, na mmoja wao ni daktari wa meno, mpaka leo ni ukoo wa Sambusa.

Robleh alizaliwa siku ya mvua, na jina lake maana yake ni hiyo hiyo mvua. Ni jina la baraka katika mji ambao mawingu huja kuchungulia tu yakaenda zake. Lakini nani alimwita Robleh? Baba yake, mtu mzima mwenye kilemba, alisinzia kwenye kikao cha kupatanisha koo mbili. Alisinzia kinywa wazi, na nzi akaingia. Angekohoa tu mambo yangeisha. Yeye akakurupuka akipiga kelele, "Nimekubali! Nimekubali!" kwa kuwa ndotoni alikuwa anatoa mahari ya mtu, na upande wa pili wakashika hapo hapo kwamba amekubali kulipa ngamia wote waliokuwa wanadaiwa. Kesi ikaanza upya. Yeye akatoka pale akiitwa Nzi, na mwanawe akawa Mwana wa Nzi.

Alikuwa Mwana wa Nzi madrasani, akawa Mwana wa Nzi uwanjani, na hata siku alipokwenda kumposa Roda, mjomba wa binti alimwangalia toka juu mpaka chini, kisha akaita jikoni, "Funikeni maziwa!" Watu walicheka hadi wakasahau kumjibu kama wamemkubali. Roda mwenyewe ndiye aliyetoa kichwa mlangoni akasema amekubali, ila wasimcheleweshe na utani.

Jina hilo lilikuja kumtoka kwa kazi yake. Robleh alijifunza viyoyozi vya magari kwa fundi mmoja wa Kiyemeni kule Ambouli, na Agosti moja, khamsin imepamba moto, upepo unaokuchoma hadi kope, akaletewa basi la akina mama waliokuwa wanakwenda msibani Ali Sabieh. Wote wamelowa, wamenuna, na mmoja alishaanza kujililia mwenyewe. Robleh akachokonoa huku, akakaza kule, na ghafla hewa ikatoka. Bibi mmoja aliyekaa mbele akafumba macho, akainua kidevu akasema kwa sauti ya mtu aliyeoneshwa pepo, "Qabow!" Baridi. Basi zima likaitikia, "Qabow!" Tangu siku ile akawa Robleh Qabow.

Nani asiyependa kuitwa hivyo katika mji kama huu? Aliandika QABOW ukutani mwa gereji yake kwa rangi ya buluu, herufi ndefu kuliko binti yake Kadra, na pembeni akachora theluji. Hajawahi kuiona theluji, ikatoka kama maharage. Lakini kila asubuhi alikuwa akilipangusa vumbi jina lile kabla hajafungua boneti ya mtu yeyote, na usipite hapo ukidhani alikuwa anasafisha ukuta. Alikuwa anajifuta jina la baba yake.

Sasa, ubaya wa jina zuri ni kwamba humpandisha mtu kichwa. Robleh alifika mahali akawa anataja ugonjwa wa gari kabla halijazimwa. Alikuwa anasikiliza mlio barabarani, anafuta mikono, anasema, "Hiyo gesi," au "Hiyo feni," na kwa kuwa mara nyingi alipatia, watu wa kibanda cha chai jirani walikuwa wakimpigia makofi. Fundi mwenye watazamaji ni fundi aliye hatarini.

Juma la harusi ya Deka, Mzee Djama, baba wa bibi harusi, alileta gari la nyumbani kwake, jeupe, la Kijapani. Mzee Djama alikuwa mtu mpole aliyestaafu bandarini, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea maktabani. Siku ile shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Robleh, mwanangu, kiyoyozi kinapuliza moto."

"Gesi hiyo, mzee," akasema Robleh, na boneti bado imefungwa.

Kibandani wakagonga vikombe kushangilia. Robleh akafungua, akachomeka geji. Geji ikasema gesi ipo, na ya kutosha. Robleh akaitazama geji, akatazama kibandani, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Alikuwa ameshasema. Basi akaitoa gesi nzima ya watu na kuweka nyingine, taratibu, huku anapiga mluzi, na kazi hiyo ikachukua muda mrefu na injini imezimwa. Alipowasha, hewa ikatoka baridi safi.

"Si nilikwambia?" akasema, naye alishangaa kuliko wote.

Mzee Djama akashukuru sana, akaondoka. Hakufika hata kwenye mzunguko wa soko, hewa ikageuka moto tena.

Kesho yake gari lilirudi, na safari hii hakulileta Djama peke yake. Mlango wa mbele ulifunguka, akashuka Bi Ambaro, mkewe, muuza vitambaa anayejulikana kuanzia bandarini hadi Balbala, mwanamke ambaye hata askari wa barabarani humwamkia kwanza. Nyuma akashuka Mako, binamu yake. Ninyi mtamjua Mako muda si mrefu. Wote wawili walikuwa wanachuruzika.

"Robleh, mwanangu," akasema Bi Ambaro, "jana ulituwekea gesi ya baridi au ya kupikia?"

Kibandani kicheko kikalipuka. Wale wale waliogonga vikombe.

"Shangazi, nisamehe, hii ni feni. Na vumbi. Nitaiosha redieta ya mbele, nibadilishe feni, utasahau."

"Sikiliza. Alhamisi alasiri binti yangu anatoka nyumbani kwenda ukumbini ndani ya gari hili. Amevaa dhahabu, amevaa shela, usoni kapakwa vitu ambavyo hata mimi sijui majina yake. Akifika uso umemteremkia shingoni, wewe utakuwa na la kusema?"

"Hautateremka, shangazi."

"Nasema ukiteremka." Akamgeukia binamu yake. "Mako, mwambie."

Kwetu harusi haijawa harusi mpaka wanawake wapige ngoma na mmoja wao asimame kughani buraanbur, mashairi ya kuusifu ukoo wa bibi harusi. Na ndani ya sifa zote hizo lazima awemo mwanamume mmoja wa kuchekwa, la sivyo wageni hurudi nyumbani wakisema shairi lilikosa chumvi. Mako ndiye aliyekuwa akighani. Mtu akishaingia kwenye shairi la Mako hatoki. Sambusa aliingizwa na mama yake Mako.

Mako alikuwa anajipepea kwa ncha ya mtandio, macho kayafumba nusu. "Qabow," akasema, kama anaonja mchuzi. "Hm. Hili lina maneno machache. Mwaka huu nataka kughani kwa herufi K, kila mstari uanze nayo. Kulayl lingenifaa zaidi."

Kulayl ni joto. Robleh akageuka kulitazama jina lake ukutani.

"Hata hivyo sijaamua," akaendelea Mako. "Kuna mwanamume mwingine nilikuwa nimeahidiwa." Akamtazama Mzee Djama, naye Mzee Djama akatazama gurudumu.

Hilo la Djama mtaa mzima tulilijua. Siku ya posa ya Deka, wageni walimkuta kashiba mirungi, ulimi umekuwa mtamu, moyo umekuwa mkubwa, akamwahidi kila mjumbe wa upande wa bwana harusi kiwanja. Hana hata kimoja. Bi Ambaro alichukua mwezi mzima kuvirudisha viwanja hivyo kimoja kimoja, kwa chai na maneno mazuri. Kisha akawaita kaka zake, akaweka msahafu mezani, na Djama akaapa kwamba mirungi basi. Na Bi Ambaro akaongeza lake: jani moja likionekana nyumbani kwake, Mako atamghani siku ya harusi ya binti yake, jina kwa jina, aitwe Jani mpaka kiyama.

Robleh akaosha redieta, akabadilisha feni, akawasha. Baridi. Wanawake wakaondoka. Kabla chai aliyoagiza haijapoa, ilipigwa honi kwa mbali, ndefu, ya hasira, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

Usiku ule Robleh hakula. Roda alimwekea wali na nyama ya mbuzi, akausukuma pembeni. "Kulayl," akasema peke yake, akijaribu kulisikia. "Robleh Kulayl." Roda akamwambia alikuwa ameshaolewa na nyumba ya Nzi, joto halitamuua. Yeye hakucheka. Kadra alikuwa amelala mkekani pale pale, na Robleh alimtazama mtoto akawaza jinsi madrasani watoto watakavyomwita. Iliuma, na aliacha iume.

Asubuhi ya Jumatano alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi: alinyamaza. Mzee Djama alipoleta gari, Robleh hakusema gesi wala feni. Aliomba ufunguo, akaingia, akamwambia mzee akae pembeni yake, wakaenda zao kuelekea uwanja wa ndege, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tundu la hewa.

Mwanzoni baridi. Mzee Djama alikuwa hatulii kitini. Wakapita msikiti, baridi. Sindano ya joto la injini ikaanza kupanda kwenye dashibodi, na Robleh akahisi hewa mkononi inapata uvuguvugu. Sindano ikafika katikati, ikatulia, na hewa ikawa moto. Akasimamisha gari kando, akaacha injini inanguruma, akafungua boneti na kushika paipu ya kiyoyozi inayorudi kutoka ndani.

Ilikuwa imelowa jasho la baridi, hata vidole vilimganda.

"Baridi ipo," akasema. "Inatengenezwa, inaingia ndani. Sasa inapotelea wapi?"

"Labda Mungu hapendi," akasema Mzee Djama.

Robleh akasimama palepale juani akitazama ile mipira miwili minene inayotoka kwenye injini kuingia ndani ya gari. Aliitazama kwa muda, kisha akajipiga kofi la paji la uso, kwa nguvu, mpaka dereva wa lori aliyekuwa anapita akapunguza mwendo.

Hita! Gari lile lina hita!

Tafadhali usimcheke. Nani kwetu anaijua hita? Kile kitufe cha dashibodi kina upande wa buluu na upande mwekundu, na upande mwekundu sisi tunauchukulia ni pambo. Magari mengi yakifika, mafundi hukata mipira ile ya maji ya moto wakaiunganisha huko huko kwenye injini, habari ikaisha. Hili lilikuwa limetoka nchi ya baridi moja kwa moja na hakuna aliyeligusa. Robleh akachukua koleo, akaubana mpira mmoja maji ya moto yasipite, akarudi ndani. Hewa ikaanza kupoa polepole mpaka nywele za mkono zikamsimama.

Lakini bado kulikuwa na swali. Kitufe kilikuwa kwenye buluu. Ndani humo kuna kibamba kinachofunga njia ya hita ukigeuza kwenye buluu, na kibamba hiki kilikuwa hakifungi. Kuna kitu kimekikwamisha. Robleh akashika kile kiwavu cha tundu la katikati la hewa akikivuta, akitegemea kigome kama vilivyo vyote. Kikatoka kwa mguso tu, kama mlango wa nyumba ya jirani mwema.

Akaingiza vidole. Akatoa jani kavu. Akaingiza tena. Akatoa jani lingine, na kipande cha jani la mgomba, kile kinachofungia vishada. Akachukua koleo refu, akachokoa kule chini kabisa, akahisi kitu, akavuta. Kikatoka kijiti chekundu cha mirungi, kirefu kama kidole cha shahada, na ndani ya dashibodi kibamba kikajifunga: tap.

Robleh akakiinua mbele ya macho ya mzee.

"Mzee Djama."

"Naam."

"Hiki ni kifaa gani cha gari?"

Mzee Djama akakitazama kijiti kama hajawahi kukutana na mmea. "Labda lilikuja nacho," akasema, "kutoka Ujapani."

"Mzee Djama!"

"Nyumbani anakagua hadi viatu, Robleh! Ningeficha wapi? Na mirungi unaijua, ikipata joto inanyauka saa hiyo hiyo. Pale kwenye tundu inapulizwa baridi, inakaa mbichi mpaka alasiri. Ni kishada kidogo tu. Natafuna nikiwa nimeegesha kule nyuma ya makaburi, sina hata mtu wa kuongea naye. Hata ladha sipati." Akajifuta uso. "Kesho binti yangu anaolewa. Usinitaje, mwanangu. Nakushika miguu."

"Na mimi? Mimi nimewatia joto mara mbili mbele ya mji mzima! Unajua nimelala vipi jana? Fundi gani duniani angejua kuna shamba ndani ya dashibodi?" Robleh alikuwa anapiga kelele, na alikuwa na haki. "Hiki kijiti ndicho jina langu, mzee. Nikikionesha, hakuna atakayenicheka." Akakitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Njia nzima Mzee Djama alikaa anatazama magoti yake. Hilo lilimkera Robleh zaidi kuliko kama angelia.

Alasiri Bi Ambaro akaja kulichukua gari, na Mako, na Deka bibi harusi, na kibanda cha chai chote kikasogeza viti. Robleh alikuwa ameliacha linanguruma tangu watu walipotoka msikitini adhuhuri, sindano katikati, milango imefungwa. Bi Ambaro akafungua mlango, na baridi ikampiga usoni. Akaingiza kichwa, akakaa nacho humo kwa muda, akakitoa.

"Haya. Ilikuwa nini?"

Mkono wa Robleh ukaenda mfukoni wenyewe, kidole kikagusa kifungo. Mzee Djama alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, kanyooka kama anayesubiri kuswaliwa. Robleh akafungua kinywa.

Hapo Deka akaingia kiti cha nyuma. Alikuwa amepakwa hina mikono yote miwili, bado mbichi, kaitanua vidole mbali na nguo, na alipopata ile baridi akacheka kwa sauti, kichwa nyuma. "Baba! Njoo ukae hapa na mimi! Kama tuko Addis!"

Robleh akamtazama yule binti. Akasikia masikioni mwake, waziwazi, sauti ya mjomba wa Roda ikiita jikoni: funikeni maziwa. Yeye hakuwa amefungua kinywa mbele ya wazee, hakuwa amemeza nzi yeyote, lakini ndiye aliyeyalipia maziwa yale. Na huyu kesho ataghaniwa akiwa amekaa kwenye kiti cha dhahabu, atakuwa Binti wa Jani, na watoto wake wajukuu wa Jani, mpaka atokee daktari wa meno. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakusema mwosha apige mbiu.

"Hita, shangazi," akasema.

"Nini?"

"Gari lina hita. Mimi nilisahau kwamba magari yana hita. Ilikuwa inapasha moto wakati mimi naweka gesi." Akajifuta mikono. "Kosa langu."

Kibandani wakatazamana. Halafu mtu mmoja kibandani akarudia taratibu, "Alikuwa... anapasha... moto... Djibouti... Agosti," na hapo kikombe kikaanguka, mtu akashika nguzo, na muuza chai akakaa chini kabisa. Mako yeye hakucheka. Alikuwa ameinua uso angani, midomo inacheza, anapanga vina.

Siku ya harusi Bi Ambaro alitaka Robleh mwenyewe aendeshe. "Likichemka nataka uwe karibu," alisema. Basi Robleh akavaa shati jeupe, Mzee Djama akakaa mbele pembeni yake, nyuma bibi harusi katikati ya mama yake na Mako, dhahabu zinalia kila wakipita shimo. Nje khamsin ilikuwa inazungusha mifuko ya plastiki. Ndani watu walikuwa wanatetemeka. Uso wa Deka ulikuwa mahali pake wote.

"Ongeza kidogo," akasema Bi Ambaro, kwa fahari.

Robleh akaongeza hadi mwisho. Kwenye tundu la katikati kukasikika mkwaruzo mdogo, *krr*, kisha jani moja kavu likatoka, likapaa, likapita kati ya mabega ya wanaume wawili, likajizungusha hewani bila haraka yoyote na kutua juu ya shela ya bibi harusi.

Robleh aliliona kwenye kioo. Akaona mkono wa Bi Ambaro ukilichukua kwa vidole viwili. Akaliona linapelekwa puani. Mzee Djama alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa siri, midomo tu. Bi Ambaro akamtazama mumewe kisogoni, muda mrefu, kisha akamtazama Robleh ndani ya kile kioo, muda mrefu zaidi. Kisha akalitumbukiza jani kifuani mwake, akamwinamia Mako sikioni, nyuma ya shela, akanong'ona. Mako akaanza kuhesabu vina upya.

Wanaume hukaa nje chini ya turubai, lakini Mako sauti yake haijui ukuta. Ngoma zilipolia, zikatulia, na yeye akaanza, Robleh aliacha soda yake. Akasifu ukoo wa Deka mpaka kwa mababu waliokuwa wanachunga. Akasifu dhahabu. Kisha akashusha sauti, na kila mtu akajua chumvi inakuja.

*Kulayl kafika kwetu, kikao chake ni hiki,*
*Kinywa chake kina kitu, kukitema hakitaki,*
*Kabeba joto la mtu, kimya na halalamiki,*
*Kwa jasho lake si letu, kipodozi hakitoki!*

Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Watu huwa hawasikii shairi zima, husikia jina. "Kulayl!" wakaita wanawake ndani. "Kulayl!" wakaitikia wanaume nje, wakimpiga Robleh mgongoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyesikia ule mstari wa tatu, naye alikuwa amesimama nyuma ya turubai akilia kwenye kanzu yake mpya. Robleh alimwona Mzee Djama, akageuza uso. Hakuwa na hamu ya kushukuriwa. Alikuwa amepoteza kitu.

Siku chache baadaye Bi Ambaro alikuja gereji kwa miguu. Akakaa kwenye tairi, akafungua kitambaa, akatoa lile jani.

"Hii hita yako," akasema, "inatoa majani?"

"Shangazi, mimi fundi wa gesi. Miti siijui."

"Hm." Akalikunja tena. "Nilikuwa naisikia harufu kila nikikaa mbele. Nikamuuliza Djama, akaniambia ni Mjapani aliyekuwa na gari."

Robleh alijitahidi, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. Bi Ambaro naye akacheka, mabega tu.

"Djama nimemhukumu mimi. Anatupeleka sokoni kila siku, kitufe kwenye mwekundu, na ule mpira ulioubana nimemwambia akuletee gari uufungue. Sisi tunashuka karibu, yeye anaendelea mpaka Arta, kule milimani, na kurudi." Kisha akaacha kucheka. "Lakini jina siwezi kulirudisha, mwanangu. Nilimwambia Mako asikughani. Akasema K ameshaitolea maneno yote, ila atakuwekea la heshima ndani. Heshima ya Mako ndiyo hiyo."

"Najua, shangazi."

Wakati huo huo Kadra akaingia kutoka madrasani, kibao kwapani, kanuna. "Baba, wameniita Binti wa Kulayl. Wote. Hata mwalimu alicheka." Akamtazama. "Ni jina baya?"

Robleh akaweka spana chini. Alichokiogopa usiku ule kimeingia na viatu vya mtoto wake, na yeye ndiye aliyekifungulia mlango.

"Njoo hapa, mama," akasema Bi Ambaro, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake. "Walighani shairi lote au walitaja jina tu?"

"Jina tu."

"Basi hao wamekula ganda wakaacha ndizi. Weka kibao chini. Mkono kiunoni. Hapana, ule mwingine. Sema na mimi: Kulayl kafika kwetu..."

Mtoto ana kichwa chepesi. Kesho yake alasiri, watoto wa madrasa walipokusanyika nje ya gereji wakiimba "Kulayl! Kulayl!" Kadra alipanda juu ya tairi, mkono kiunoni, akaghani mistari yote minne kwa sauti ya Mako kabisa, mpaka na ile ya kushusha kabla ya chumvi. Mmoja akamwomba arudie. Kufika magharibi walikuwa wamelishika wote, wanapita nalo mtaani wakipiga madebe, na wale wa kibandani wanaitikia kiitikio.

Robleh alichukua brashi na kopo la rangi, akasimama mbele ya ukuta wake. Akafuta QABOW taratibu, herufi moja moja, na ilimchoma, asikudanganye mtu. Akaandika KULAYL. Theluji akaiacha.

Kadra alikuwa amemshikia kopo. "Baba," akasema, "kwenye shairi. Kinywani kulikuwa na nini?"

"Ulimi," akasema Robleh, akachovya brashi.